Njumu Nilizozivua

Juzi lori niliyopanda ilipata pancha Nakuru, nikatembea mpaka pale uwanja wetu ulikuwa. Siku hizi ni stoo za mbolea. Nilisimama hapo, rafiki yangu, na hasira ikaamka upya, maana mpaka leo kuna watu mjini wanasema mimi ndiye nilipoteza kombe la chuo. Basi leo nawataja waliolipoteza.

Chuo chetu kilikuwa cha ufundi, miaka hiyo ya hamsini. Asubuhi uji wa wimbi, mchana mahindi na maharagwe, jioni upepo wa ziwa unaleta vumbi nyeupe ya magadi, inachoma macho, na sisi bado tunafukuza mpira. Miguu mitupu, wote. Kusoma kulinishinda. Mama alikuwa anakamua ng'ombe wa mzungu huko Ndabibi, na mkuu wa chuo aliniambia wazi: "Kombe likija, unabaki. Lisipokuja, unarudi kwa ng'ombe." Wenzangu walicheza kombe. Mimi nilicheza nisirudi.

Fainali tulipangiwa na vijana wa reli. Siku moja kabla, mkuu akatuletea njumu mpya, ngozi ngumu kama mbao. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kuvaa njumu. Kocha wetu, ndiye alikuwa mwalimu wa kushona viatu, alizishika kama mtoto mchanga. Huyo ndiye wa kwanza, muandike. Alisema tuzipake mafuta ya ng'ombe zilainike, na kwa sababu wageni wanakuja, tupake mpaka kwa soli, zing'are zote.

"Mwalimu, si tutateleza?" nikauliza.

"Wewe hata barua huwezi kusoma, utanifundisha ngozi?"

Kesho yake mvua ikanyesha asubuhi yote. Mpira ulipoanza tulikuwa kama ndama waliozaliwa saa hiyo. Beki wetu aliteleza, reli wakafunga. Golikipa akaruka, miguu ikabaki nyuma, wakafunga la pili. Watu wa reli walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaita, "Nyinyi, rudisheni viatu vya baba zenu, wanataka kwenda kanisani."

Mapumziko nikakaa kwa nyasi nikavua zangu.

"Vaa," kocha akasema. "Unatuaibisha mbele ya wazungu."

"Mwalimu, acha nikimbie."

Sikungoja anijibu. Matope ya Nakuru yaliingia katikati ya vidole, na rafiki yangu, mpaka leo naweza kuyasikia, baridi na tamu. Nikafunga moja. Nikafunga lingine kwa kichwa. Mbili kwa mbili, na wale wa reli hawakucheka tena.

Halafu refa akatupa penalti. Penalti za chuo zilikuwa zangu, kila mtu alijua. Nilikuwa nimeshaweka mpira chini wakati kocha alipopiga kelele kutoka kando kwamba mtu wa miguu mitupu hatapiga, apige kapteni. Kapteni alikuwa shemeji yake. Huyo ndiye wa pili.

"Niachie hii," nikamwambia.

"Umesikia Mwalimu, ndugu yangu," akasema, na hakuniangalia.

Akakimbia na zile njumu zake za mafuta, mguu wa kushoto ukaenda peke yake, mpira ukapita juu ya miti. Na kwa vile kocha alikuwa ametuma hata mabeki mbele, reli walipopewa mpira walikimbia uwanja mtupu. Tatu kwa mbili. Refa akapuliza.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Mkuu alisema kocha ameeleza kila kitu: nilikataa amri, timu ikavurugika. Nikisimama mbele ya wanafunzi nikasema tumeshindwa kwa sababu yangu, nitabaki. Kocha alikuwa hapo, anaangalia kofia yake.

Nikasema, "Bwana mkubwa, mabao ni mawili na yote ni yangu. Wa kuomba msamaha ni huyu mwalimu." Nikaenda kukunja blanketi.

Kapteni alikuja kuwa karani mkubwa. Kocha alizikwa na hotuba ndefu. Wale vijana wa miguu mitupu siwaoni tena, na wa leo hawaingii uwanjani bila viatu. Mimi nimekamua ng'ombe mpaka vidole vimepinda, na hizi herufi nilijifunza ukubwani, kwa shida. Lakini yale maneno waliyotaka niseme bado ninayo mdomoni, na sijayasema.