Radhi za Safari ya Siku Nne

Bi Time Khamis alikuwa ameishi London karibu miaka hamsini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kwenda mahali asipokuwa na mtu wake. Alikwenda Maskati kwa shangazi yake, Toronto kwa harusi, Dubai kumtazama mgonjwa, na Pemba kwa misiba. Kila safari begi lake lilijaa vitu vya watu, dawa za presha za fulani na viatu vya mjukuu wa fulani, na nguo zake mwenyewe zikajibana pembeni. Kwa hiyo aliposema anakwenda Lubiana, mji mkuu wa Slovenia, siku nne, peke yake, na kwamba huko hamjui hata paka, watu wa kwao walishindwa kumwelewa. Mimi siwalaumu. Nani kati yetu amewahi kupanda ndege kwenda kukaa tu?

Mji wenyewe aliuona kwenye televisheni ya nyumba ya wazee pale Wembley, alipofanya kazi miaka thelathini na moja. Alikuwa akimlisha uji bibi mmoja wa Kiingereza, mara ikatokea picha ya mto wa kijani unaopita katikati ya mji, na barabara zisizo na gari, na watu wameketi ukingoni na vikombe vyao, hawana haraka ya kwenda popote. Kijiko kikabaki hewani mpaka yule bibi akamkumbusha kwa kufungua mdomo. Wengine hutamani Paris. Bi Time alitamani kile kiti cha ukingoni.

Alipostaafu, akanunua daftari. Raya, binti yake, aliyezaliwa hapo hapo London, alimtafutia tiketi huku akiguna. "Mama, seriously, nobody goes there."

"Ndiyo maana naenda mie," akamjibu.

Daftarini akaandika hoteli iliyo karibu na daraja, chumba cha chini kwa ajili ya goti lake, basi la kutoka uwanja wa ndege, msikiti uko wapi, na duka la Wabosnia linalouza mikate ya nyama ya halali. Siku ya pili aliipa ngome iliyo juu ya kilima, ambayo ina kigari cha kupandishia wasioweza ngazi. Siku ya tatu, soko. Siku ya kwanza aliandika neno moja tu: kukaa. Mtu aliyesimama miaka thelathini na moja akiwainua wenzake vitandani ana haki ya neno hilo, na nikilisoma mimi roho yangu husuuzika.

Jirani yake Bhanu, Mhindi wa Dar es Salaam mwenye duka la vitambaa, ndiye pekee aliyemwelewa. "Mimi na mume wangu Pravin tulienda mji wa Vilnius," akasema. "Chakula hakuna ladha kabisa, Bi Time. Lakini raha! Siku tatu hakuna mtu ameniuliza bei."

Basi hapo mambo yangekwisha, lau si kuaga. Bi Time alitoka Chake Chake mwaka sabini na nne, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, siku zile ambazo watu waliondoka mmoja mmoja kwa kificho, na kumuaga jirani kulikuwa ni kujichongea. Alimwacha mama yake na ndugu zake bila hata kuwapa mkono. Tangu hapo alijiapiza kwamba hatatoka mahali tena bila kuaga. Na kuaga kwa wakubwa wake ni kuomba radhi: mtu anayesafiri hajui kama atarudi, basi huwapitia watu akiwaambia wamsamehe alipowakosea, naye amewasamehe. Maneno hayo huwatoka sana wanaokwenda Hija. Kwa mtu anayekwenda kunywa kahawa mtoni hayana kazi, lakini Bi Time hakujua, maana matembezi hayo yalikuwa ya kwanza kwake. Akashika simu.

Aliwapigia watu thelathini na ushee. Mmoja hakumpigia, naye ni Vuai, mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa basi huko Ilford. Mama yao alipofariki Pemba, miaka tisa nyuma, simu ilimfikia Bi Time, naye akaificha habari siku mbili asimwambie ndugu yake. Vuai alipewa pole na mtu baki, dukani, akiwa ameshika mfuko wa vitunguu. Hakuzungumza na dada yake tena. Bi Time alilitafuta jina la Vuai kwenye simu mara mbili, na mara mbili akakata kabla haijalia. Akawa ana radhi za London nzima isipokuwa ile moja aliyoihitaji, na hilo lilimkosesha raha ya daftari lake.

Shoga yake Bi Suad alikuwa wa kwanza kuagwa. "Unakwenda kwa nani huko?" akauliza.

"Siendi kwa mtu."

"Una shughuli gani?"

"Sina shughuli. Nakwenda kukaa. Niwie radhi, shoga yangu."

Bi Suad akaweka simu chini akalia. Mwanamke wa miaka sitini na sita, ameacha kazi juzi, anakwenda peke yake nchi isiyo na mtu wetu, na anaomba radhi. Kama si maradhi ni nini? Bila shaka huko kuna daktari wa kukata kile kilichowashinda wa hapa. Kufika alasiri habari ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp. Kufika isha ilikuwa imeshachagua kiungo: wengine walisema ini, wengine titi.

Watu wakaanza kumiminika nyumbani kwake Wembley na uji wa pilipili manga, tende na maji ya zamzam. Mzee Talib alipanda treni mbili kuja kumsomea dua kichwani. "Mie mzima, wallahi, nakwenda kutembea," Bi Time aliwaambia, nao wakatazamana kwa huruma. "Masikini, anavyojikaza," wakanong'ona, na kadiri alivyokana ndivyo walivyomwamini mgonjwa. Nikuondolee wasiwasi: alikwenda, na kiti alikipata. Lakini Jumapili, siku mbili kabla ya ndege, kengele ya mlango ililia saa tano asubuhi, na mlangoni alisimama Vuai.

Alikuwa amevaa koti lake la kazi. Ndevu zake zilikuwa zimeota mvi, na Bi Time aliona uchungu kwamba hazikuotea mbele yake. Vuai aliketi kwenye kochi, akainamisha kichwa, akaanza kulia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti.

"Dada, nimekuja," akasema. "Nimekuwia radhi. Usiende na deni langu moyoni. Wamekuambia umebakiwa na muda gani?"

Hapo Bi Time angeweza kunyamaza. Ndugu yake yuko kochini mwake baada ya miaka tisa, na neno moja la kweli lingeweza kumwinua akaondoka. Moyo ulimwambia amwache japo anywe chai kwanza. Akaona aibu, kwa sababu moyo huo huo ndio uliomshauri siku ile afiche habari ya msiba.

"Vuai, mie si mgonjwa," akasema. "Nakwenda matembezi. Watu wameelewa vibaya."

Vuai akainua uso. Akaupangusa kwa mkono wa koti, akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akashika kitasa.

"Hivi ndivyo ungeniambia na siku ile," akasema bila kugeuka. "Upesi hivi hivi."

"Ndiyo. Nilikosa. Nilikuficha mauti ya mama yako, na sikuwa na haki. Sikuombi radhi ya safari, Vuai. Nakuomba ya hilo."

Vuai akaachia kitasa. Kisha akarudi kuketi.

"Nieleze basi. Simu ilikuja lini?"

"Jumatano asubuhi. Nilikuwa kazini, namkogesha mzee. Lakini Jumanne usiku nilizungumza na Mama mwenyewe, sauti imeshakwenda. Aliuliza habari zako. Nikamwambia una mtihani Alhamisi, wa kuendesha basi, na huu ni wa tatu, miwili umeanguka. Akasema, msimshughulishe mwanangu mpaka amalize. Nami nikalishika hilo."

Vuai alitazama mikono yake.

"Alijua kuwa nina mtihani?"

"Alijua. Aliniuliza kama safari hii utafaulu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, inshallah."

Vuai akatikisa kichwa polepole, koti la udereva bado limo mwilini.

"Nilifaulu," akasema. "Sikupata mtu wa kumwambia."