Burulcha na Kamba ya Moynok

Pale Karakol, mji ulio chini ya milima karibu na mpaka wa China, watu wengi walimjua Burulcha kwa tambi zake. Kila asubuhi alikuwa sokoni na sufuria zake za mchuzi baridi wa siki na pilipili, akiwahudumia madereva waliokesha njiani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyolizidi umbo lake. Alifiwa na mume angali kijana, akalea mabinti zake peke yake, akawaoza wote. Alipoanza tu kuonja raha ya nyumba tulivu, kaka yake Asankan akateremshwa kutoka mlimani, kalazwa nyuma ya lori.

Asankan alikuwa mchungaji tangu utotoni. Kiharusi kilimwangusha malishoni, mbali na mahema ya wenzake, na asingekutwa hai kama si mbwa wake Moynok, aliyesimama juu yake akibweka mpaka watu wakaja. Basi lori lilipofika mlangoni kwa Burulcha lilishusha wawili: mwanamume aliyelegea upande wa kushoto, na mbwa mweusi mwenye shingo nyeupe, kichwa kama cha ndama, mzito kuliko mwenye nyumba mwenyewe.

"Mbwa harudi mlimani, Burul," Asankan alisema, maneno yakimtoka kwa shida.

"Nani kasema anarudi? Wewe lala."

Daktari alisema mgonjwa atembee kila siku, hata kama ni mpaka langoni tu, la sivyo mguu utasahau kazi yake. Asankan hakutaka. Alikaa dirishani akimtazama Moynok aliyefungwa mnyororo uani, na Moynok naye akilitazama dirisha.

"Nitembee niende wapi?" aliuliza. "Kondoo sina. Labda ningetoka na Moynok."

"Na Moynok? Huyo atakukokota mpaka China, tukakufuate huko na pasipoti!"

Asankan akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Kicheko kile cha upande mmoja ndicho kilichomwingia Burulcha. Akaamua kwamba mbwa atafundishwa kutembea na mtu mgonjwa, na atakayemfundisha ni yeye.

Siku ya kwanza alimfunga kamba kwenye mkanda wa kawaida wa shingoni. Walifika salama pembeni ya barabara. Hapo jirani mmoja alikuwa anababua kichwa cha kondoo kwa moto, harufu ikamfikia Moynok, na Burulcha akajikuta kifudifudi ndani ya mtaro wa maji, kamba bado iko mkononi. Bega liliteguka. Alirudishiwa na mganga wa mifupa, na kesho yake akauza tambi kwa mkono mmoja.

"Shemeji, huyo mbwa unamlea kama mkwe," alisema Jumash, jirani yake, dereva mstaafu ambaye hakuna jambo duniani asilokuwa na ushauri nalo. "Mbwa mkubwa anataka chuma. Chukua hii."

Akampa kola ya pingili za chuma, yenye meno yaliyoelekea ndani. Mbwa akivuta, meno yanamkaba shingo.

Ilifanya kazi. Huo ndio ukweli, na Burulcha hakuwahi kuuficha. Moynok alivuta, akalia, akaacha. Wiki hiyo Burulcha alitembea mtaani kifua mbele, na Jumash akawaambia watu wote kwamba aliyemnyoosha yule mbwa ni yeye.

Kisha wakakutana na binti wa mwalimu, mtoto aliyezoea kuingia uani kumkumbatia Moynok shingoni. Moynok alimsogelea kwa furaha, chuma kikamkaba, na mara akamngurumia. Mtoto akaganda. Burulcha akamrudisha mbwa nyumbani, akampapasa chini ya manyoya, vidole vikatoka na damu. Akakaa pale uani akawaza. Kila mara mbwa huyu alipomwendea mtu anayempenda, alichomwa. Hakujua anayemchoma ni kola. Alidhani ni watu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Jumash, aliyekuwa anakunywa chai barazani.

"Kaka Jumash, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Akamzungushia kola kwenye kifundo cha mkono, akavuta.

"Mama weee! Una wazimu?"

"Sijavuta bado. Hapo nimeishika tu."

Tangu siku hiyo Jumash alitoa ushauri kwa mbali.

Kosa lililofuata lilikuwa la Burulcha mwenyewe. Alinunua sokoni mkanda mpana wa kifuani, laini, usioumiza, wenye pete ya kamba juu ya mgongo. Moynok aliupenda mno. Aliinamisha kichwa, akakaza mabega, akamburuta Burulcha juu ya matope yaliyoganda huku wapita njia wakishangilia, "Ongeza mwendo, mama tambi! Utashinda mashindano!"

Ndipo akaenda kwa Omurzak, fundi wa matandiko ya farasi karibu na mnada wa mifugo. Mzee alimtazama mbwa, akautazama mkanda, akacheka mpaka kofia yake ya manyoya ikapinda.

"Mwanangu, umemfunga kama farasi wa mkokoteni, halafu unalalamika anakokota? Farasi ukitaka kumwongoza unamshika wapi?"

"Kichwani," Burulcha akajibu, akajisikia mjinga, maana alipanda farasi kabla hajajua kusoma.

"Basi. Huyu kichwani hatakubali, lakini kifuani atakubali."

Akamshonea mkanda wa ngozi ya ng'ombe wenye pete mbele, katikati ya kifua, akaupima na kuupima tena ili usiguse makwapa ya mbwa. Moynok akivuta, kamba inamgeuza ubavu, anajikuta anamtazama mshika kamba. "Ila mimi nimeshona ngozi tu," mzee akaongeza. "Subira utaitafuta mwenyewe, hapa siuzi."

Subira Burulcha alikuwa nayo, ingawa hata mabinti zake hawakuijua. Majira yote ya baridi alitoka na Moynok baada ya kufunga meza yake sokoni. Kamba ikikaza, alisimama. Hakupiga kelele, hakuvuta, alisimama kama nguzo ya umeme hadi mbwa ageuke na kamba ilegee. Hapo alimpa kipande cha jibini kavu ya chumvi kutoka mfukoni, wakaendelea. Kuna siku hawakuvuka hata nyumba ya jirani. Theluji ilimwangukia kichwani, watu wakamuuliza kama anasubiri basi, naye akajibu kwamba ndiyo, basi lenyewe lina mkia. Usiku bega lilimuuma, na mara moja alilia, si kwa maumivu bali kwa hasira, kwa kuwa siku hiyo Moynok alisahau yote aliyofundishwa kwa ajili ya paka mmoja. Kesho yake akatoka tena.

Majira ya kuchipua yalipofika, alimpa Asankan kamba. Walianza hapo uani, kisha langoni, kisha mpaka dukani. Asankan akiegemea fimbo upande mmoja, Moynok upande wa pili, Burulcha nyuma yao akijifanya ana shughuli zake.

Siku moja walipokuwa karibu na barabara kuu, kundi la kondoo likatokea, likiswagwa kuelekea malisho ya juu. Vumbi, milio, wapanda farasi wakipiga miluzi. Masikio ya Moynok yakasimama. Burulcha aliona misuli ya mgongo ule ikijikusanya, akajua hawezi kuwahi. Moynok akapiga hatua kubwa. Kamba ikakaza, mkanda ukamgeuza, akakutana na macho ya Asankan.

Asankan alisimama tu, mkono dhaifu ukiwa umeishikilia kamba.

Moynok aliwatazama kondoo, akamtazama bwana wake. Kisha akarudi, akakaa juu ya mguu wake, ule mguu mbovu, kwa uzito wake wote.

"Burul," Asankan akaita, machozi yakimtiririka, "nitolee huyu mnyama, ananivunja! Na ile jibini iko wapi? Mpe! Mpe yote!"

Burulcha akammwagia mfuko mzima.

Watu waliokuwa barabarani siku ile walisimulia, na haukupita muda wakaanza kuja na mbwa wao: mbwa wa kuwinda, mbwa wa walinzi, wengine wamevalishwa minyororo ya kutosha kufunga geti. Burulcha aliwakusanya Jumapili kwenye uwanja wa mbio za farasi. Aliwakemea wenye mbwa kuliko mbwa wenyewe. Omurzak akawa na kazi nyingi hadi akalalamika kwamba farasi wamemsahau.

Mwaka uliofuata Asankan alipanda mlimani na Moynok, si kuchunga, bali kukaa kiangazi kizima kwenye hema la mpwa wao mchungaji. Burulcha aliwasindikiza hadi lori lilipoondoka, akarudi nyumbani, akakuta langoni mwanamke asiyemjua, matope mpaka magotini, akihangaika na jitu la mbwa la kahawia.

"Samahani dada, ni wewe mama wa tambi?"

"Ni mimi," Burulcha akasema, akikunja mikono ya koti. "Anaitwa nani huyu?"