Kamba wa Sabaki na Kamba wa Tudor

Kamba wote walikuwa mezani, lundo moja, wa mto na wa bahari, na msimamizi wa ghala la samaki amenielekezea kidole mbele ya wanawake wote wa Liwatoni. "Huyu hapa. Kisomo hana, kafungua masanduku ya watu." Binti mtafiti alikuwa akilia.

Binti huyo alitujia miezi miwili kabla. Sisi tulikuwa wamenya kamba. Alileta kamba wa Mto Sabaki na wengine wa mkono wa bahari wa Tudor, sura moja, akitaka kujua kama bado ni ukoo mmoja.

"Wakikaa mbali vizazi vingi bila kuzaana, mama, asili zao huachana."

"Basi ni kama sisi wa Mji wa Kale," shoga yangu akadakia. "Mtoto akiolewa Tudor, mamake analia utadhani kapelekwa ng'ambo."

Tulicheka mpaka visu vikatuponyoka.

Nikamwambia, mbona rahisi: ganda la wa Sabaki hutoka kwa mvuto mmoja, la wa Tudor huacha kipande mkiani. Akanifunga macho kwa leso yangu, akanipa kamba kumi waliochanganywa. Sikukosea hata mmoja. Tangu hapo akaniita mwalimu, mimi niliyeishia darasa la tatu. Wiki nzima nilitembea kama bibi harusi.

Na siku ile ya kilio, aliyechanganya masanduku ya kamba wa binti ni msimamizi mwenyewe. Nilimwona asubuhi ile akiyatoa kwenye barafu apate pa kuweka samaki wa harusi ya dadake. Yakammwagikia, akazoa wote pamoja. Nilipoyasema, akacheka. "Mmenya kamba asikizwe na nani?"

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia binti. "Lete makarai mawili."

Nikamenya mpaka adhana ya adhuhuri, mmoja huku, mmoja kule, wenzangu wakinipigia vigelegele. Sijapata kufurahi vile kazini. Jioni msimamizi akanifukuza kazi.

Majibu ya vipimo yalipotoka, binti alikuja mbio hadi kwangu. Asili zilikuwa mbili kweli, na hakuna kamba aliyekaa karai lisilo lake. Tukapika kamba wa nazi, tukala na majirani, tukalamba vidole.

Kazi sikurudishiwa. Msimamizi yu hai, kila alasiri yuko barazani na kikombe cha kahawa, akinipa salamu kama mtu mwema. Radhi ya pembeni siitaki. Asimame Liwatoni, mbele ya wale wale walionisikia nikiitwa mharibifu, aseme nani aliyemwaga yale masanduku.