Majivu ya Garimoshi la Same

Sina sababu ya kukudanganya. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, saa tisa mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja hata bia. Mpaka leo nikisimulia, mate yananijaa mdomoni, yale ya kutaka kutapika.

Pale Same, kwenye reli ya pembeni, kuna kichwa cha garimoshi la zamani, la kuni na mvuke. Sisi wachache tunaolipenda tuliomba tulisafishe, lisije likakatwa vyuma chakavu. Mimi nikapewa tanuri. Nikaingia kwa kujipinda, nikakwangua, nikatoa gunia zima la majivu laini.

Sasa niambie, Mpare gani angeyamwaga? Mama yangu, kule Suji milimani, kila mavuno huchanganya maharage na majivu ili yasitobolewe na wadudu. Tangu nimnunulie jiko la gesi, alikuwa akilalamika hana majivu. Nikampelekea gunia lile, akalipokea kwa vigelegele.

Mwezi mmoja baadaye nilipanda kwenye injini kusugua shaba zake, nikamkuta mzee amekaa kwenye kiti cha dereva, ovaroli lake jeusi kwa masizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyesafisha tanuri?"

Nikajisifu kuwa ndiye. Akasema alikuwa mchochea moto wa injini hiyo, akanieleza ilivyokuwa ikihema na kupiga honi hadi watu wa milimani wakajua saa. Habari hizo nazipenda tangu utotoni, nikakaa kumsikiliza. Ila alinuka, jamani! Niamini, alinuka nywele zilizoungua na mafuta yaliyochacha. Nikawa napumulia mdomo kwa heshima tu.

"Niliingia kukwangua kama wewe," akasema. "Wenzangu wakawasha moto, hawajui nimo. Majivu umeyapeleka wapi?"

"Kwa mama. Ya kuhifadhia maharage."

"Mnayala?"

"Karibu kila siku, mzee."

Akavua glavu. Mkono ulikuwa umebaki na vidole viwili, na ngozi yake ilining'inia kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Ndiyo maana," akasema taratibu. "Nilikuwa najiuliza mbona naisha."

Nilitapika palepale. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Nikampigia mama simu.

"Mama, usile hayo maharage!"

"Mbona nayaosha vizuri, mwanangu," akanijibu huku anatafuna. "Tena hayajawahi kuwa matamu hivi."

Siku hizi garimoshi limepakwa rangi, watu wanakuja kupiga picha. Nawe ukifika, piga yako ushuke. Usibebe kitu, na kung'uta viatu kabla hujaingia kwako.

Mimi harufu ile haijanitoka puani, na maharage siwezi hata kuyatazama. Nilipanda Suji nikayamwage yaliyobaki, nikakuta mama ameyafungia chumbani na ufunguo kauvaa shingoni. Nilimweleza yote, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta midomo, akaniuliza kama kule tanurini hakukubaki mengine.