Pumzi Niliyotaka Kuimaliza

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuigeuza pumzi kuwa mtihani. Nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, kutafakari kwa kufuata pumzi kama wafanyavyo Wabudha. Unakaa, unahesabu pumzi zinavyotoka, moja mpaka kumi, na akili ikitangatanga unairudisha taratibu bila kujilaumu. Hayo ya kutojilaumu niliyaruka. Akili yangu ikitoroka kwenye saba, nilirudi kwenye moja kwa hasira, na sikutaka mtu anisemeshe mpaka nifike kumi safi.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Khartoum, mtoto wa Kariakoo niliyepelekwa huko na baba yangu, muuza vitambaa. Nilikaa chumba kimoja na Idrisa, kijana mwenzangu wa Dar. Mama yake hukaanga samaki sokoni Feri. Ilikuwa Ramadhani. Asubuhi ile, baada ya daku, wengi walirudi kulala. Mimi nilikaa mkekani, macho nimefumba.

"Sheikh Budha," Idrisa aliniita kutoka kitandani. "Ukifika kumi unapewa nini? Soda?"

"Niache bwana, umenipoteza."

"Basi anza tena. Si ndiyo kazi yako?"

Mlipuko wa kwanza tulidhani ni lori limemwaga mabati. Wa pili ulivunja vioo vya dirisha.

Vita vilikuwa vimeingia mjini. Tulihamia kwenye korido na wenzetu wa ghorofa ile, mbali na madirisha. Umeme ulikatika, kisha maji. Siku zilizofuata tulilala sakafuni, tukafuturu kwa tende na mikate mikavu. Idrisa aliwachekesha watu. Mimi nilihesabu pumzi. Niseme ukweli, zilinisaidia. Wenzangu walikesha wakisikiliza milipuko, mimi niliweza kupata usingizi. Ndiyo maana niliziamini kupita kiasi.

Alasiri moja risasi zilinyamaza. Msikiti uliokuwa ng'ambo ya barabara ulikuwa na tangi la maji, na tulizoea kwenda wawili wawili: mmoja anachota, mwingine anaangalia barabara. Zamu ilikuwa yetu.

"Twende, oya. Kumetulia."

Nilikuwa kwenye sita. Nilinyoosha mkono: subiri.

"We mzee, watu wana kiu."

Akili ikatoroka. Nikarudi moja.

Nilisikia madumu yakigongana, akishuka ngazi peke yake.

Kisha mlio mmoja.

Tulimzika uani, nyuma ya bweni, kabla ya magharibi. Tuliswali haraka, kwa sauti za chini.

Nilirudi Dar na waliotolewa kwa mabasi mpaka mpakani. Kariakoo haikunisubiri nipone. Dukani kwa baba, majora ya vitambaa hushushwa garini na kutua sakafuni kwa kishindo, nami nilijikuta nimechuchumaa chini ya kaunta. Mwanzoni wabeba mizigo walicheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakawa wanayatua taratibu mimi nikiwepo, na hilo liliniumiza zaidi.

Mama Idrisa aliambiwa mwanawe alipigwa risasi akichota maji. Hakuambiwa kwamba zamu ilikuwa yangu pia. Nilitunga sentensi ya kumwambia, nikaifuta, nikatunga nyingine. Nilitaka isiyo na kasoro. Miezi ikawa miaka. Nilifika Posta mara nyingi kwa shughuli za duka, na mara zote niligeuza kurudi, wakati Feri iko pale pale mbele.

Mwishowe nilienda bila sentensi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda hivyo, kwenu hawapiki? Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama mbele ya karai lake, mafuta yakichemka, yote kama nilivyoyaandika hapa.

"Ulikuwa unaswali?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nilikuwa nahesabu pumzi."

"Unazihesabu za nini? Zimepungua?"

Nikamweleza. Aligeuza vipande vyote vilivyokuwa karaini kabla ya kunijibu.

"Idrisa hakujua kusubiri. Hata tumboni alitoka kabla ya siku zake." Akafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Lakini ungemwambia tu kwamba huji. Angetafuta mwenzake."

Hilo sikuwahi kuliwaza. Miaka yote nilijihukumu kwa kutokwenda, nikabishana na nafsi yangu kwamba pengine tungezikwa wawili. Yeye alitaja jambo dogo kuliko hilo. Korido ilijaa vijana waliokuwa tayari kwenda. Kilichohitajika ni neno moja, na nililizuia ili nisiharibu hesabu.

Hakusema amenisamehe. Mteja alipokuja, alinikabidhi kijiko cha kukaangia na kuniambia nisimuunguzie samaki.

Bado sijui kama macho ya mtu wa pili yangemwokoa Idrisa. Nimekubali kwamba sitajua. Ninachojua ni kwamba alistahili kujibiwa.

Kila asubuhi, kabla hatujafungua duka, nakaa juu ya jora na kuisikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Vishindo bado vinanishtua. Lakini sihesabu tena, na mtu akiniita, naitika.