Gauni Lililoachiwa Nafasi

Fundi hakuwa mtu wa nguvu. Tangu ujana wake alikaa nyuma ya cherehani, mgongo umepinda, na majirani walimtania kwamba mkasi wake ulikuwa mzito kumshinda yeye. Hakujali. Nguo zake zilimkaa kila mtu vizuri, na jina la nyumba yake lilikuwa safi.

Kisha mkewe akapigwa kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Siku moja mtoto wao wa kiume aliingia akamkuta baba yake sakafuni, amempakata mama, wote wawili wameshindwa kuinuka.

"Baba, tuajiri mtu," alisema baada ya kuwainua.

"Mama yako hatavuliwa nguo na mtu wa mshahara. Nyumba hii haijafika huko."

"Basi nitamchukua kwangu."

Kwake kulikuwa ng'ambo ya mji, ghorofa ya juu kabisa, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya kitanda kimoja chumbani kwa mabinti zake. Fundi alilijua hilo. Kumchukua mama kulikuwa kuwatenganisha yeye na mkewe.

"Hachukuliwi mtu hapa."

"Sawa, Baba. Ila ukishindwa tena kumnyanyua, namchukua."

Ndipo Fundi, mtu mwenye wajukuu, akaenda kwa Kamanda. Huyu alikuwa askari mstaafu aliyefungua uwanja wa mazoezi nyuma ya gereji. Vyuma vyake vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, yameunganishwa kwa bomba.

"Fundi, umekuja kunipima suruali?"

"Nimekuja kuinua makopo."

Wanaume waliokuwepo wakacheka hadi mmoja akalazimika kutua mzigo. Kamanda hakucheka. Alimsogezea kiti.

"Kaa, halafu inuka bila kushika. Mtu anabebwa kwa mapaja, mzee mwenzangu, mikono inasaidia tu. Na ule mayai. Misuli ya umri wetu haijengwi kwa chai kavu."

Fundi akakaa, akainuka, magoti yakilia. Akarudi kesho yake na siku zilizofuata. Alijipima kwa njia aliyoijua, tepu yake ya kushonea, iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa. Alizungusha mkono, akazungusha paja. Mwanzoni tepu ilikaa palepale. Kisha ikaanza kusogea kidogo kidogo, na siku moja akalazimika kufumua mishono na kuachia mikono ya koti lake mwenyewe iwe mipana.

"Makubwa!" alisema mkewe, maneno yakitoka polepole, ulimi ukiwa mkali kama zamani. "Mwili huo uliuficha wapi wakati unanichumbia?"

"Nilikuwa nauwekea akiba."

"Basi kula na yai langu. Anayebeba ndiye wa kula. Mimi nimeshiba."

Akala. Na kweli akambeba, kwanza hadi kwenye kiti, baadaye hadi barazani akatazame watu wanaopita. Mwanawe alipokuja akamkuta mama ameketi nje, nywele zimechanwa. Fundi alitembea siku ile kifua mbele.

Ikakaribia harusi ya mjukuu. Fundi alimkatia mkewe gauni jipya kwa kukisia, kama alivyofanya tangu uchumba. Alipima mtaa mzima, lakini yeye hakuwahi kumzungushia mkewe tepu, na hiyo ilikuwa fahari yao wawili. Miezi yote ile mama alikuwa akivaa nguo pana za kulalia na shali juu. Alipovishwa gauni, lilining'inia kana kwamba limetundikwa msumarini.

Fundi akavua tepu shingoni. Akapima kiuno. Akapima tena.

"Tepu imevutika," alisema.

"Haijavutika. Nimejipunguza."

"Umejipunguza?"

"Ulisikia alivyosema mwanao. Ukishindwa, ananichukua. Mimi mwenye mkono mmoja ningekusaidiaje?"

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. Misuli yake ilikuwa ya kweli, hakujidanganya. Lakini mzigo aliojisifia kuushinda, mkewe ndiye aliyekuwa akiupunguza, yai kwa yai, bakuli la uji kwa bakuli la uji. Na yeye akila.

Akaenda jikoni, akarudi na uji.

"Nikijaa hutaniweza," mkewe alisema.

"Kula, mama."

Akala huku akilia, na Fundi akimfuta kidevu. Harusi ikapita, na mashavu yakaanza kurudi. Fundi akaongeza makopo, Kamanda akimkataza. Lakini kila umri una kikomo cha nguvu zake. Asubuhi moja, katikati ya kitanda na kiti, mapaja yalikataa. Hakumwangusha. Alimrudisha kitandani taratibu, akatweta, kisha akampigia simu mwanawe yeye mwenyewe.

Lile gauni la mkewe la kwendea harusini alikuwa amelifumua na kulishona upya. Alimkabidhi mkamwana wake, aliyekuja na mumewe kumchukua mama, akamfunulia upande wa ndani.

"Nimeacha kitambaa hapa, na hapa. Akijaa, fumua uachie."

"Sawa, Baba."

Mkewe alikuwa tayari ndani ya gari, mto mgongoni.

"Usiache makopo," alimwambia.

"Ya nini tena?"

"Ngazi za kwao huzijui? Utanifuata kwa mabawa?"

Gari likaondoka. Aliingia ndani, akavuta kiti akakiweka mbele ya kitanda kitupu. Akakaa. Akainuka bila kushika. Akakaa tena.