Aliyemsingizia Kinyozi Wizi wa Intaneti

Mshonaji huyu alikuwa na ulimi unaokata kuliko mkasi wake, na mwenyewe alijisifia hivyo mpaka siku ulipomkata yeye.

Asubuhi ile binti yake alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kwenye meza ya kukatia vitambaa. Juu alivaa blauzi ya kola; chini, pasipoonekana, kaptura ya kulalia. Angefanyiwa mahojiano ya kazi kwa video, na tangu amalize chuo hii ndiyo kampuni ya kwanza kutaka kumwona. Akajaribu mitambo. Uso wake ukatokea vipande vipande, kisha ukaganda mdomo wazi.

"Mama, intaneti inatambaa."

"Haiwezi. Tulilipia isiyo na kikomo. Kuna mtu anatunyonya."

Mtu mwenyewe alishampata: kinyozi wa chumba cha pili. Alitoka nje tepe ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Wewe! Vichwa vya watu havikutoshi, sasa unaninyoa hadi intaneti?"

"Jirani, mimi nina yangu," kinyozi akajibu, mashine mkononi.

"Wezi wote ndivyo wanavyosema!"

Wateja wakacheka. Yeye akarudi ndani kifua mbele, akapiga simu huduma kwa wateja.

"Mama, kifurushi chako hakijaisha," alisema dada wa huko kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Ila mmepita kiwango cha matumizi ya mwezi, kwa hiyo kasi imepunguzwa."

"Si mlisema hakina kikomo?"

"Hakina, mama. Kasi ndiyo yenye kikomo."

"Yaani nile nishibe, ila kwa tundu la sindano?"

Kuongeza kasi kunawezekana, dada akasema, lakini itarudi kesho. Data za simu nazo, humo ndani mtandao haukushika hata kutuma ujumbe. Binti akafungua ukurasa wa kile kisanduku cha intaneti aone nani amekula data zote.

"Ni simu yako, mama."

"Mimi? Mimi hata sitazami!"

Na kweli hakutazama. Kila siku, tangu afungue cherehani hadi aifunge, aliwasha video za mwalimu wa ushonaji, simu ameilaza kifudifudi juu ya vitambaa, akisikiliza kama redio. Macho yalikuwa kwenye sindano. Picha aliiweka ya ubora wa juu kabisa, asije akakosa mshono. Mwezi mzima picha safi namna ile ikatazamwa na meza.

"Basi mwizi nimempata," alisema, "na nimemlisha mwenyewe."

Kwa kinyozi ni ukuta mmoja tu, lakini safari hii miguu ilikuwa mizito.

"Umekuja kunipekua?" kinyozi akamuuliza.

"Nimekuja kukuomba."

"Nini?"

"Kile nilichosema umeniibia."

Mteja mmoja alicheka hadi akashika kichwa, upande ambao ulikuwa bado haujanyolewa.

"Binti aje," kinyozi akasema. "Lakini wewe, mdomo utaufunga?"

"Nitaufunga."

Binti akaja mbio, kitambaa cha mteja kiunoni kuficha kaptura. Akapewa kiti cha kunyolea, mgongo ukutani. Mashine zikazimwa. Yule wa nusu kichwa akasogezwa kwenye benchi, ametulia kama shamba lililolimwa upande. Mama akasimama mlangoni, akifukuza wateja wapya kwa ishara za mikono.

Ndani mahojiano yakaenda vizuri, picha haikukatika hata kidogo. Kisha sauti ya mwanamume kwenye kompyuta ikauliza, "Je, umewahi kufanya kazi na mtu mgumu?"

"Nimelelewa na mmoja," binti akajibu.

Wale wa kwenye kompyuta wakaangua kicheko. Pale mlangoni mama alivuta pumzi, mdomo ukafunguka. Kinyozi akamkazia macho. Mama akaufunga, akauziba kwa kiganja, kisha na cha pili.

Mwishowe binti akaruka kutoka kitini. "Wamenipitisha! Wananiita tena wiki ijayo, hatua ya mwisho!"

Mama akamkumbatia, tepe ikawafunga wote wawili. Kinyozi akawasha mashine.

"Haya, jirani, sasa ruhusa ya kusema unayo."

"Mgumu mimi?"

Yule wa nusu kichwa aliinama, akaanza kukagua viatu vyake.